Jinsi ya Kukagua, Kununua na Kutunza Samani za Kale Zilizokerezwa kwa Mtindo wa Bobini

Samani za mtindo wa bobini, yaani kijiti cha kuzungushia uzi, hazijifichi. Mguu wa meza, reli ya kiti (kijiti cha mlalo kinachounganisha miguu) au fremu ya kioo imekerezwa ikawa mfululizo wa vitufe vidogo vilivyobanana, kimoja baada ya kingine, kama shanga za tasbihi. Umbo hilo lilitengenezwa kwa kerezo (chombo kinachozungusha mbao inapokatwa) la kukanyagwa kwa mguu katika karne ya 17, likatengenezwa kwa mashine za mvuke katika karne ya 19, na hadi leo viwanda vinalitoa. Ukisimama mbali, vyote vinafanana. Mnunuzi anayetazama umbo peke yake ndiye anayelipia meza ya miaka 90 kwa bei ya meza ya miaka 350.

Msimamo wangu ni huu: vitufe vyenyewe vimebeba ushahidi wa umri wao, na mtu mwenye kalipa (kifaa cha kupimia unene), tochi na subira anaweza kuusoma kabla ya kusikiliza maelezo ya muuzaji. Soma mbao kwanza, lebo baadaye.

Hatua ya 1: Jua kipande kinadaiwa kuwa cha zama zipi

Huko Uingereza, mtindo huu ulishika kasi katikati ya karne ya 17. Wakerezaji wa London walikuwa na chama chao kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1604, na kazi yao ilikuwa tofauti na ya maseremala wanaounganisha mbao. Utaukuta zaidi kwenye meza za kukunja ambazo miguu yake hufunguka kama lango ili kushika mbao za pembeni, kwenye viti, na kwenye stuli. Mbao ya kawaida ni mwaloni, lakini mjozi na miti ya matunda pia ilitumika. Baada ya mwaka 1660, Mfalme Charles II aliporejea madarakani, miguu ya kusokotwa ilianza kupendwa. Miguu ya bobini haikutoweka, iliendelea sambamba nayo, hasa mashambani.

Ureno ilikuwa na vitanda vyake vya fahari, vyenye ubao wa kichwani uliojaa vijiti vya bobini, vingi vikiwa vya mbao nzito ya jakaranda kutoka Brazil (si ule mjakaranda wa maua ya zambarau). Huko Massachusetts, katika Marekani ya leo, karne hiyohiyo ya 17, mafundi walipamba makabati na masanduku kwa vijiti vilivyopasuliwa nusu, vikapakwa rangi nyeusi vifanane na mpingo.

Kundi linalopatikana kwa wingi zaidi ni la karne ya 19. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1830, makerezo ya mashine yaliweza kutoa vijiti virefu vya vitufe kwa kasi, navyo vikatumika kwa vitanda, meza ndogo na fremu. Vitanda hivyo vilikuja kuitwa kwa jina la Jenny Lind, mwimbaji wa Sweden aliyezunguka Marekani kati ya 1850 na 1852. Uingereza nayo, enzi za Malkia Victoria, ilirudia mtindo huu kwenye viti vifupi, viti vya pembeni na meza ndogo, vingi vikiwa vimepakwa rangi nyeusi. Halafu kuna wimbi la miaka ya 1920 na 1930: meza za kukunja za mwaloni uliopakwa rangi nzito, zikiiga karne ya 17. Hizo ni meza nzuri za kutumia nyumbani. Tatizo huanza pale zinapouzwa kwa umri usio wao.

Hatua ya 2: Kigeuze juu chini

Omba ruhusa, kisha geuza. Sehemu ya juu ya samani husafishwa, hupakwa na kurekebishwa kila kizazi, ilhali chini huachwa ilivyo. Mbao ya zamani isiyopakwa kitu huwa imebadilika rangi polepole kwa hewa na vumbi: kavu, kijivu au kahawia hafifu, na ndani ya kila kona rangi hubadilika kidogo kulingana na hewa ilivyofika. Ukikuta chini kumepakwa rangi moja ya kahawia kila mahali, hadi kwenye mapengo ambayo mkono wa mtu haufiki, uliza kwa nini. Mtu mwaminifu hana sababu ya kupaka mahali ambapo hakuna anayetazama.

Hatua ya 3: Pima mviringo kwa kalipa

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mbao husinyaa inapokauka, lakini haisinyai sawasawa. Kwa urefu, karibu haipungui kabisa. Kwa upana, hupungua kufuata mzunguko wa pete za ukuaji karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka katikati ya gogo kwenda nje. Mkerezaji wa karne ya 17 mara nyingi alikereza mbao ikiwa bado mbichi au nusu kavu, kwa sababu ndiyo inayokatika vizuri kwa kerezo la mguu. Kitufe kilichotoka mikononi mwake kikiwa duara kamili, leo ni yai kidogo.

Shika kitufe kimoja kwa kalipa, soma kipimo, kisha zungusha kalipa robo duara na usome tena. Zungusha polepole hadi upate kipimo kikubwa kuliko vyote na kidogo kuliko vyote. Kwenye mguu wenye unene wa milimita 50, tofauti ya milimita 1 hadi 2 ni jambo la kawaida kwa kazi ya zamani iliyokerezwa mbichi. Tofauti sifuri kwenye mguu unaodaiwa kuwa wa mwaka 1670 ni sababu tosha ya kuwa na shaka.

Usiishie kwenye kitufe kimoja. Shuka mguu mzima, ukipima viwili juu, viwili katikati na viwili chini, na kila mara angalia upande uliosinyaa umeelekea wapi. Ikiwa ni kusinyaa kwa mbao, upande mwembamba utabaki uleule kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa pete za ukuaji ni zilezile. Ikiwa kitufe kimoja kimebonyea mbele na cha chini yake kimebonyea kushoto, hiyo si kazi ya miaka. Ni uchakavu wa kusuguliwa, au ni msasa wa mtu. Ukiweza kuona pete zenyewe mwishoni mwa mguu, linganisha: mwelekeo wa pete na wa kusinyaa lazima vikubaliane.

Kipimo hiki ni shahidi mmoja, si hukumu. Mtu anaweza kukereza mbao mbichi leo na akapata yai baada ya mwaka. Na mbao iliyokuwa imekauka vizuri kabla ya kukerezwa itaonyesha tofauti ndogo tu hata kama ni ya zamani. Lakini shahidi huyu ni mgumu kununulika.

Fanya vivyo hivyo kwa uso wa meza ya duara. Pima kipenyo kufuata nyuzi za mbao, kisha kipime kukatiza nyuzi. Meza ya zamani itakuwa fupi kukatiza nyuzi, wakati mwingine kwa sentimita moja au zaidi.

Hatua ya 4: Tazama vitufe kama kazi ya mkono

Weka miguu miwili ya meza hiyohiyo karibu karibu, au piga picha kila mmoja kwa umbali uleule na ulinganishe. Kazi ya mkono hufanana bila kulingana: kitufe cha tatu ni kinene kidogo kwa huyu, mfereji wa tano ni wa kina zaidi kwa yule. Katikati ya vitufe unaweza kukuta mstari mwembamba uliochorwa kwa ncha ya chuma. Ni alama ya mkerezaji ya kugawa urefu kabla ya kuanza kukata. Mashine ya karne ya 19 hutoa vitufe pacha, na kwenye kitanda cha Jenny Lind hilo ni jambo la kutarajiwa, si kasoro.

Ukiona mwisho wa kijiti kilichokerezwa, kwa mfano chini ya mguu ambao haujakatwa au juu ya nguzo ya kiti, tafuta alama ya kerezo. Kerezo la kukanyaga lilishika mbao kwa ncha mbili zilizochongoka, likaacha kitundu kimoja cha umbo la pia kila upande. Kerezo la mashine linahitaji meno ya kuizungusha mbao, kwa hiyo upande mmoja hubaki na alama ya msalaba au vijino kuzunguka kitundu. Kipande kinachodaiwa kuwa cha karne ya 17 kikiwa na alama hiyo, uliza kwa nini.

Hatua ya 5: Soma uchafu na uchakavu

Mifereji kati ya vitufe ni ghala la uchafu. Miaka mingi ya nta, moshi na vumbi hujazana humo na kuwa utando mgumu mweusi, huku vilele vya vitufe vikisuguliwa na nguo, mikono na matambara hadi vikang'aa na kuwa na rangi nyepesi. Mpito kutoka giza la mfereji hadi mwanga wa kilele huwa wa taratibu sana. Anayeghushi hupaka rangi nyeusi kote, kisha hufuta juu kwa kitambaa, na kinachobaki ni ukingo unaoonekana wazi, wa upana uleule kwenye kila kitufe. Piga tochi kwa ubavu, siyo moja kwa moja, na utauona.

Halafu jiulize watu walikaa vipi. Reli ya mbele ya kiti au meza ndiyo iliyowekewa miguu na viatu, kwa hiyo vitufe vyake vinapaswa kuwa vimelika juu na upande wa nje, katikati kuliko pembeni. Reli ya nyuma iliyo karibu na ukuta haina sababu ya kulika kiasi hicho. Nikikuta reli zote nne zimelika sawasawa, najua kuna mtu aliyekaa na tupa mkononi.

Hatua ya 6: Matundu ya bungua

Mdudu anayekula samani nyingi za Ulaya huacha tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 1.5 hadi 2 anapotoka nje. Tundu hilo huingia ndani ya mbao. Ndani kuna njia zinazopinda, lakini juu unaona vitundu tu. Sasa, ukiona kwenye uso wa kitufe kilichokerezwa njia iliyo wazi, kama mfereji mrefu uliopasuliwa kwa urefu wake, maana yake ni kwamba mbao ililiwa kwanza na kukerezwa baadaye. Yaani mtu amechukua boriti la zamani akalifanyia mguu mpya. Alama hii imefichua samani nyingi za kughushi.

Gonga kipande kidogo juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya wa mbao, mwepesi na wa rangi hafifu, una maana kwamba wadudu bado wako kazini. Kitenge na samani zako nyingine mara moja, kifungwe kwenye nailoni, na umwite mtaalamu. Baadhi ya makumbusho hugandisha vipande kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku 3, au nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, bila dawa yoyote. Vipande vyenye gundi dhaifu, rangi au utando juu yake si vya kujaribiwa nyumbani.

Hatua ya 7: Viungo, misumari na alama za msumeno

Hapa twende haraka, kwa kuwa mambo haya ni ya samani zote. Mistari ya msumeno iliyonyooka mara nyingi huashiria msumeno wa mkono, na mistari ya upinde huashiria msumeno wa mviringo, yaani karne ya 19 na kuendelea. Skrubu za zamani zina ncha butu, kwani zile zenye ncha kali zilienea baada ya katikati ya miaka ya 1840. Skrubu yenye msalaba kichwani ni ya miaka ya 1930 au baadaye, ingawa inaweza kuwa imewekwa wakati wa ukarabati. Misumari ya waya ni ya mwisho wa karne ya 19 kuja huku.

Kwenye meza za karne ya 17, tafuta vitalu vya mraba vilivyoachwa bila kukerezwa kwenye mguu. Humo ndimo reli huingia kwa tundu na ulimi, na kufungwa kwa vijiti vya mbao vilivyochongwa kwa kisu. Vijiti hivyo si duara kamili, na mara nyingi vimechomoza kidogo kwa sababu mbao inayovizunguka imesinyaa. Vijiti laini vya duara la kiwandani, vilivyolala sawa na uso, ni vya baadaye. Viti vilivyokerezwa kila sehemu vina ujanja mwingine: fundi aliingiza reli kavu kwenye mguu mbichi, mguu ukakauka ukaibana. Viti vya aina hiyo vimesimama karne nyingi kwa nguvu ya kusinyaa tu.

Hatua ya 8: Tafuta ndoa za kulazimisha

Uso wa meza moja ukiwekwa juu ya miguu ya nyingine, vyote vinaweza kuwa vya kale kweli, na bado ukawa umedanganywa. Chini ya uso, tafuta matundu ya skrubu yasiyo na kazi, vivuli vya rangi vinavyoonyesha fremu nyingine iliwahi kukaa hapo, na mikwaruzo ya miguu ya lango. Mikwaruzo hiyo inapaswa kuwa ya upinde na kuishia pale mguu unaposimama leo. Ikiishia kwingine, fremu si yake.

Angalia pia kimo. Miguu mingi ya kale ilioza chini kwa sakafu zenye unyevu, ikakatwa au kuungwa. Kiungo kilichofanywa kwa uangalifu hakinisumbui, mradi muuzaji akiseme. Mfululizo wa vitufe unaokatika ghafla katikati ya kitufe cha mwisho ni ishara ya mguu uliopunguzwa.

Vitanda vya Marekani vina habari yao wenyewe. Vingi vilikuwa na upana wa sentimita 122 hivi, ambao haulingani na magodoro mengi ya leo, kwa hiyo mara nyingi vimefanyiwa mabadiliko, reli zikiwemo. Reli halisi za zamani mara nyingi zina matundu au vishikizo vya kamba iliyokuwa ikibeba godoro. Kitanda chenye ubao wa kichwani halisi na reli mpya bado ni kitanda kizuri, ila kithamanishwe hivyo.

Hatua ya 9: Vitu vidogo vya kukusanya

Kwa anayeanza, au asiye na nafasi, hapa ndipo ningemshauri aanzie. Fremu za vioo, vinara vya mishumaa, vijiti vya kuning'inizia taulo na meza za pembeni zinapatikana, na hufundisha jicho. Kwenye makabati ya karne ya 17, vijiti vya nusu vilitengenezwa kwa kugundisha vipande viwili vya mbao, kuvikereza kama kimoja, kisha kuvipasua. Mgongo wake unatakiwa kuwa bapa. Kikikosekana kimoja na kuwekwa kipya, kipya huwa na rangi safi zaidi pembeni, mahali kinapogusana na ubao.

Bobini zenyewe za kufumia lesi ni ulimwengu kamili. Zile za kaunti za Uingereza za Bedfordshire, Buckinghamshire na Northamptonshire ni nyembamba, za mbao au mfupa, na mwishoni zina kipete cha shanga za kioo cha kuzipa uzito. Nyingine zimeandikwa majina kwa nukta ndogo zilizojazwa rangi. Za Honiton, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, hazina shanga na zimechongoka, ili zipite kwenye vitanzi vya uzi. Kutofautisha mfupa na plastiki, tumia kioo cha kukuzia: mfupa una vijistari na vitundu vidogo vya giza, plastiki haina. Usikubali kabisa jaribio la sindano ya moto, linaharibu kitu ambacho hakitatengenezwa tena.

Hatua ya 10: Kabla ya kulipa

Omba risiti inayotaja zama, mbao, na ukarabati wote unaojulikana. "Mtindo wa karne ya 17" na "ya karne ya 17" ni maneno mawili tofauti kabisa, na muuzaji analijua hilo. Ikiwa mbao ni jakaranda ya Brazil na kipande kitavuka mpaka, uliza hati: mti huo uko kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992.

Kitanda cha kale cha mtoto chenye nguzo za bobini kinavutia mno, na watu wengi hutamani kukilazia mtoto wao. Tafadhali usifanye hivyo. Marekani, tangu miaka ya 1970, nafasi kati ya nguzo hairuhusiwi kuzidi inchi 2 na 3/8, yaani milimita 60, kwa kuwa mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikanasa. Vitanda vya zamani havikujengwa kwa kipimo hicho. Rangi za kabla ya 1978 pia zinaweza kuwa na risasi, na mtoto anayeota meno hutafuna kila kilicho mbele yake. Kiwe cha kuwekea mablanketi.

Hatua ya 11: Kusafisha bila kufuta ushahidi

Anza na brashi laini ya nywele, ukisukumia vumbi kwenye mdomo wa mashine ya kunyonya uliofunikwa kitambaa chepesi. Kwenye mifereji, kata ukanda wa pamba wa upana wa sentimita 1, uzungushe kwenye mfereji, kisha uvute huku na huku kwa wepesi. Mkono hukaa mbali na mbao, na nguvu inagawanyika sawa. Ukihitaji unyevu, lowesha ukanda kidogo kwa maji yaliyochujwa, ukamue hadi uhisi karibu mkavu, na ukaushe papo hapo. Lengo ni kutoa vumbi lililolegea, na ule utando mgumu mweusi uachwe palepale.

Paka nta ya nyuki, kidogo sana, mara moja au mbili kwa mwaka. Nta nyingi hujaa kwenye mifereji na kuwa nyeupe ikikauka. Dawa za kupuliza zenye silikoni na mafuta ya kupikia visikaribie: silikoni huzuia ukarabati wa baadaye, mafuta hunasa vumbi na kunata. Vipande vilivyopakwa rangi nyeusi visiondolewe rangi ili "kuonyesha mbao". Weusi huo ndio sura aliyoikusudia fundi, na ukishaondoka haurudi.

Unyevu wa chumba ubaki kati ya asilimia 45 na 60, mbali na jua la dirishani na moto. Unapohamisha kiti, kishike chini ya fremu ya kukalia, kamwe si kwenye reli wala egemeo, na meza ifungwe miguu yake ya lango kabla ya kuinuliwa.

Kiungo kikilegea, usikimbilie gundi nyeupe ya dukani wala gundi za mchanganyiko. Gundi ya ngozi na mifupa waliyotumia mafundi wa kale hulainika kwa joto na unyevu, hivyo kiungo kinaweza kufunguliwa tena bila kuvunjwa. Kijiti kikikosekana, mpelekee mkerezaji kijiti cha jirani kilicho kizima, na umwombe achore vipimo vyake vyote kwenye kipande chembamba cha mbao: kila kitufe kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na unene wake. Mwambie afuate kijiti hicho pamoja na kasoro zake. Kisha, mahali pasipoonekana, aandike mwaka wa kazi yake, ili atakayekigeuza kipande hicho juu chini baadaye asilazimike kubahatisha.